Tulivyokula Pilau la Watu Tukitafuta Mwamba

Nyinyi watu wa kibanda changu pale Kamwokya mmenichosha. Kila anayeleta rili yake ya kuvulia nimtengenezee anauliza, "Fundi, huko baharini ilikuwaje?" Naanza mwanzo, simu inalia, mteja anaondoka na nusu ya habari. Wiki ijayo nasikia mtaani kwamba Ssalongo alioa huko pwani. Hakuoa! Basi nimekaa chini nimeandika yote. Someni, halafu mniache nifanye kazi.

Kwa ambao hamumjui, Ssalongo ni Muganda, polisi mstaafu, baba wa mapacha, na ndiyo maana wote tunamwita hivyo. Miaka yake mingi aliimalizia kwenye boti za doria ziwani. Kiswahili chake ni cha kambini, kinaenda moja kwa moja, na herufi l na r kwake ni mtu na ndugu yake, yeyote akitangulia ni sawa. Mimi ni Mkenya wa Bungoma niliyekuja Kampala kutafuta maisha nikayapata, na Jumapili baada ya kanisa huwa tunavua ziwani pamoja.

Mwaka jana daktari alimwambia ana presha ya macho. Kuona kwake kunafungwa kutoka pembeni, anaangalia dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Dawa inachelewesha tu, hairudishi kilichopotea. Alikuja kibandani akakaa juu ya ndoo, akasema, "Fundi, samaki ya ziwa nimeona. Sasa nataka mahali moja kwa bahali. Niitafute na macho yangu, niipate mimi mwenyewe, kabla hii kitu haijafunga. Utanipereka?"

Nilijibu nitampeleka. Jamani, ningesema nini kingine? Mteja mmoja alikuwa amenipa namba ya Nahodha Omari wa Shimoni, kusini kabisa ya pwani ya Kenya. Nilipompigia alisema, "Njooni, tutazungumza," akakata.

Kisenyi hadi mpakani

Basi tulipandia upande wa Kisenyi, hapa hapa Kampala. Ssalongo alikuja na begi, chupa ya chai yenye barafu ndani kwa ajili ya dawa yake ya macho, kopo kubwa la nsenene, wale panzi wa kukaanga, kama zawadi kwa wenyeji, na soksi moja nene iliyojaa vipande vya risasi tulivyoyeyusha wenyewe kibandani, vya kuzamisha ndoano. Nilimwambia hiyo soksi aiweke chini kabisa ya begi. Akaiweka juu, eti isiharibu mashati.

Mpakani mizigo ikafunguliwa. Afande wa ukaguzi akainua soksi, akashangaa uzito. "Mzee, hii ni nini?"

Ssalongo akasimama wima, mikono ubavuni, akajibu kwa sauti ya gwaride, "Risasi, afande!"

Foleni yote iliruka nyuma. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa nyuma yangu aliniparamia mgongoni. Nikapiga kelele, "Ni madini! Madini ya risasi, si ya bunduki!" Lakini Ssalongo alishaona ni kazi yake kueleza. "Ni risasi ya samaki," akasema.

"Unawapiga samaki risasi?"

"Hapana. Naifunga kwa kamba, inaenda chini, samaki anakuja mwenyewe."

Tuliwekwa kando. Nilikuwa na hasira, nikiri, maana ningalikuwa nimesema "vyuma" tungalikuwa tumeshapita. Mwishowe akaitwa afande mwingine, mtu wa kandokando ya ziwa. Akamimina vile vipande mezani, akacheka mpaka akavua kofia, kisha akauliza kama tunaweza kumwachia viwili. Tukamwachia vitatu.

Huku nje dereva alikuwa anapiga honi anataka kuondoka. Kilichotuokoa ni yule mama wa vitenge. Alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ngazini na mwingine chini, akimwambia dereva, "Ondoa gari uone. Mguu wangu huu hapa." Tulipopanda alitupa chapati na mayai ya kuchemsha, akamwambia Ssalongo, "Baba, siku nyingine sema ni mawe." Alishuka Nakuru kabla sijamuuliza jina, na mpaka leo namwombea heri.

Timboroa hadi kivuko

Basi liliharibika Timboroa, mahali penye baridi ya kuuma masikio. Tulikaa pale mchana kutwa tukila mahindi ya kuchoma. Mimi nilinung'unika. Ssalongo hakunung'unika, alikuwa anawatazama kondoo kilimani, anasogeza kichwa polepole kutoka mmoja hadi mwingine, kwa sababu hawezi tena kuwaona wote kwa mara moja. Nilinyamaza baada ya kuona hivyo.

Nairobi tukabadilisha basi, na mwenye duka la maziwa akatujazia barafu mpya kwenye chupa. Nilipomwambia ni ya dawa ya macho alikataa malipo, akasema mama yake pia alikuwa nayo.

Tulipofika Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, nilimshika mkono tukasogea mbele. Maji yalikuwa yanametameta. "Hii ndiyo bahali?" akauliza.

"Hapana, huu ni mlango tu. Bahari yenyewe iko kule nje."

"Kama siyo yenyewe, sitaki kumaliza macho," akasema, akayafumba kabisa. Watu waliotuzunguka walidhani anasali. Tukavuka hivyo, mimi namwongoza kama kipofu, na huo mkono wake katika wangu ulinitia uchungu mkubwa kuliko nilivyotegemea.

Shimoni, chini ya turubai

Tulifika kwa Nahodha Omari adhuhuri. Mtoto wa watu, tulipokelewa! Turubai limefungwa uani, mikeka imetandikwa, sufuria tatu kubwa jikoni, wazee wamevaa kanzu. Nikajiambia, kumbe watu wa pwani wanavyosifiwa kwa ukarimu si maneno matupu. Nahodha mwenyewe tuliambiwa yuko ufukweni, anakuja. Tukaletewa maji ya kunawa, pilau la nyama, kachumbari, ndizi, maji ya ukwaju. Nilikula sahani mbili bila aibu. Ssalongo alikula tatu.

Baada ya chakula nilitoka kunawa. Niliporudi mlangoni, mazungumzo yalikuwa yameshaanza.

"Habari za njia?" mzee mmoja anauliza.

"Habali nzuri sana," anajibu Ssalongo. "Tumefurahi kufika kwa bahali."

"Alhamdulillahi. Basi tusipotezeane wakati. Mmekuja kwa jambo la mahari?"

"Kweri kabisa! Mahali tu ndiyo imetutoa Kampala."

Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. "Na mmefikiria mahari ya namna gani?"

"Mahali nzuri," anasema Ssalongo. "Moja inatosha, hatuna tamaa. Lakini iwe ile wengine hawajaifikia. Hatutaki kitu kila mtu wa hapa ameshagusa."

Mzee mmoja alipaliwa na maji ya ukwaju. Nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikalia, "Astaghafirullah! Mjukuu wangu huyu!"

Mimi nikaelewa kosa liko wapi. Kwa sikio la Ssalongo, mahali na mahari ni neno moja. Na wale wazee, baada ya kusikia habali na bahali, walikuwa wameshazoea kumgeuzia kila l kuwa r. Angesema "mahali pazuri" wangeshtuka. Lakini kambini husemwa "mahali nzuri", na mahari nayo ni nzuri, basi hapakuwa na wa kumshuku. Kumbe siku hiyohiyo nyumba ilikuwa inawasubiri wajomba wa kijana wa bara anayemposa binti ya Nahodha, wajomba ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

Kabla sijafungua mdomo, gari lilipiga honi nje. Wajomba wenyewe. Wakaingia na makofia yao na mikoba ya zawadi, wakatukuta sisi tumekaa mahali pao, mifupa ya nyama yao iko mbele yetu.

Nikaeleza. Nilieleza kwa haraka, kwa jasho, huku nikiomba radhi kila baada ya neno.  Halafu Nahodha Omari, aliyekuwa amefika nyuma ya wajomba na kusikia yote, akashika nguzo ya turubai akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Wajomba wakafuata, kisha wazee. Aliyekuwa nyuma ya pazia akatoka, bibi mnene mwenye miwani, Bi Mwanaidi, mama yake Nahodha. Hakucheka. Alimtazama Ssalongo kutoka juu hadi chini, akasema, "Haya, baba wa kutafuta pasipoguswa. Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama. Nisamehe."

"Basi hamisha matako yako, wenyewe wakae."

Pilau jingine likapikwa. Tukaambiwa tusiende popote, tukae kama mashahidi, na mahari ya kweli ikazungumzwa mbele yetu ikaafikiwa kwa vigelegele.

Jioni Nahodha alitugeukia. Alituambia wazi kwamba kwao mahali pa kuvua huko nje, penye mwamba wa samaki chini, hapauzwi wala hapaonyeshwi mgeni. Mtu humwonyesha mwanawe, au mkwewe, basi. Kuna matajiri walishakuja na boti za fahari, akawapeleka penye mchanga mtupu wakarudi na picha za mawimbi. Mimi nikaona safari imekwisha hapo.

Bi Mwanaidi alikuwa anakunja mikeka. "Omari," akasema, "hawa wamekula pilau la posa ya mtoto wetu. Wageni watakuwaje tena?"

Nahodha akamuuliza Ssalongo anataka mwamba wa nini, na Ssalongo akamwambia habari ya macho yake, bila kulia, bila kujipendekeza. Nahodha akafikiri. "Pangu sikuonyeshi," akasema. "Nitakuonyesha namna ya kutafuta. Ukipata pasipo na mwenyewe, ni pako. Usipopata, rudi nyumbani salama."

Kungoja maji yafe

"Tutatoka maji yakishakufa," Nahodha akatuambia, na Ssalongo hakulala vizuri. Ziwani kwetu maji yakigeuka kijani samaki huelea wamekufa, na hilo ndilo alilolifikiria. Asubuhi alimwendea Bi Mwanaidi kumpa pole. Ndipo akaelezwa kwamba bahari ina siku za bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, na ina siku za maji mafu, mkondo umetulia, na mshipi unashuka wima. Bi Mwanaidi aliyasema yote hayo huku akimpa mihogo na samaki wa nazi, naye akaniambia pembeni kwamba huyu rafiki yangu ni mtu mwema ila afundishwe kusema.

Siku ya kwanza tulitoka na boti ya injini, tukapita kisiwa cha Wasini, tukaambaa mbali na eneo la hifadhi ambako hakuvuliwi, mpaka maji yakawa buluu nzito, Ssalongo amefumba macho kama kule Likoni. Pale Nahodha akasema, "Haya, sasa fumbua. Hii ndiyo bahari." Ssalongo alitazama muda mrefu, akigeuza kichwa. "Haina ukuta," akasema. Machozi yalimtoka, akasema ni chumvi.

Njaa ilipouma, akaomba kopo lake la nsenene. Nahodha akalitoa kwenye ndoo ya chambo. Alidhani ni chambo! Alikuwa ameshawatundika wawili kwenye ndoano. Ssalongo akachukua konzi akatia mdomoni akatafuna, na Nahodha, mtu aliyevua papa, akageuza uso baharini. Baadaye alionja mmoja. Akaonja wa pili. Kopo likaisha kabla ya saa ya kurudi.

Lakini mwamba hatukupata. Namna yenyewe ni hii: unateremsha chubwi, ndilo jina la pwani la zile risasi zetu, limepakwa sabuni chini. Likirudi na mchanga, chini ni jangwa, sogea. Likirudi sabuni imechanika, umegonga jiwe. Tuligonga mara moja, nikashangilia, na boti ikawa imeshasogea. Tulipozunguka kurudi palikuwa mchanga. Kila upande ni maji, utajuaje ulikuwa wapi? Mwanga ulimuumiza Ssalongo, akarudi nchi kavu ameshika kichwa. Usiku huo alisema neno moja tu, "Nimecherewa." Nilijifanya nimelala.

Juu ya mwamba

Siku ya pili Nahodha alitufundisha kufunga mahali. Nchi kavu unachagua vitu viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma yake, vilivyosimama mstari mmoja. Halafu unageuka upande mwingine unachagua viwili vingine. Mistari hiyo miwili ikikutana, uko hapo hapo, hata mwaka ukipita. Mimi mwenye macho mazima nilichanganyikiwa kabisa. Kila nikitazama pwani niliona minazi mia, mapaa, minara ya simu, mashua, vyote vinaniita.

 Ssalongo akakunja kiganja akakiweka jichoni, ingawa hakuhitaji. "Lakini hii ni shabaha ya bunduki!" akasema. "Ncha ya mbele, mfuo wa nyuma, vinakaa pamoja. Hii kazi nimefanya miaka yote!"

Alikaa mbele ya boti na mshipi mkononi, akiteremsha na kupandisha. Mchanga. Mchanga. Jua likapanda. Mimi nilishatapika chai yote. Nahodha akatazama saa yake, akanitazama mimi, nikaelewa muda unakwisha.

"Chini imekuwa ngumu," Ssalongo akasema.

Chubwi likarudi sabuni imechanwa. Akateremsha ndoano, na haikuchukua muda, mshipi ukavutwa kwa nguvu mpaka akapiga goti. Samaki wa bahari, mkubwa, ndiye huyo aliyemvukia nchi mbili. Nikapiga kelele, "Vuta, Ssalongo! Vuta!"

Akageuka akanitia mshipi mikononi. "Shika wewe," akasema. "Mimi nina kazi."

Akasimama. Mimi napigana na samaki, kamba inanikata vidole, na yeye amenipa mgongo, amekaza jicho pwani. "Mnara wa msikiti," anasema polepole. "Nyuma yake mvinje mrefu, ule umeinama. Imekaa. Sasa huku. Ncha ya kisiwa... nyuma mlima, pale imevunjika kama jino. Imekaa! Imekaa zote mbiri!" Boti ilikuwa imeshaanza kusogea.

Samaki alikuwa tewa, mwili wote madoadoa. Nahodha hakumtazama. Aliwasha injini akatupeleka mbali, akazunguka mara mbili makusudi kutupoteza, akazima. "Haya. Turudishe."

Ssalongo akaturudisha kwa mkono, kushoto, kulia, mbele kidogo, kama anaelekeza gari. Kisha akasema, "Simama." Nahodha mwenyewe akateremsha chubwi. Lilipopanda akalipitishia kidole chini, akamwonyesha: sabuni imechanika. Nahodha akasema hapo hajawahi kupita na chubwi, wala baba yake. Akampa mkono, Ssalongo akaupokea kwa mikono miwili.

Ndipo Ssalongo akakaa, akaomba apewe samaki wake. Alimwangalia kipande kwa kipande, kichwa, jicho, mapezi, doa moja moja mpaka mkiani. Akarudi tena mwanzo. Hakuna aliyemharakisha. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Nahodha akaitikia amina.

Kampala, sasa

Tulirudi bila mkasa, isipokuwa mpakani yule afande wa ziwani alitukumbuka akauliza kama risasi zimelenga. Sasa msiniulize alama. Hizo nilizoandika hapo juu nimezigeuza makusudi, maana za kweli si zangu kuwapa.

Macho ya Ssalongo mmeyaona wenyewe. Lile bomba limekuwa tundu la sindano, na jicho la kushoto ni mwanga tu. Anakuja kibandani kwa fimbo, anakaa juu ya ndoo, ananifungia ndoano kwa kupapasa.

Juzi alikuwa pale simu yake ikalia. Nikambonyezea, nikaweka spika. Kelele za injini, upepo, kisha injini ikazimwa. Ilikuwa sauti ya Nahodha Omari, anapiga kelele kama watu wa baharini wanavyoongea na simu.

"Ssalongo! Niko na mkwe wangu hapa, nimemleta apajue. Huku siku hizi vijana wote wanapaita Kwa Ssalongo. Nikasema siwezi kuingia kwa mtu bila kubisha." Halafu akabisha kwenye ubao wa boti, tukasikia, ko, ko, ko. "Hodi hapa!"

Ssalongo akainuka kutoka kwenye ndoo. Akavua kofia, akageuzia uso barabarani, kwenye boda na wauza nyanya na vumbi la Kamwokya.

"Karibu," akasema. "Karibuni ndani."